Karatasi Niliyomsomea Swalehe

Kama umenifuata tangu mwanzo, unajua nilivyofika hapa. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kulishika gazeti hili, kaa, si mengi. Mimi ni Hedwiga, mjane wa Bombo, Upare wa kusini, na watu huniita Mama Rosemary. Mume wangu Daudi alifariki akaniachia binti mmoja, shamba la kahawa na ng'ombe saba.

Ng'ombe hao hawakuwa zizini kwetu. Daudi alikuwa amewagawa kwa watu wamfugie, kama ilivyo desturi yetu. Anayefuga anakunywa maziwa na kutumia samadi, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe, na ndama wakizidi wanagawana. Karatasi hakuna. Neno linatosha.

Tulipomfukia Daudi, neno nalo likafukiwa. Kila niliyemfuata aliniuliza, "Ng'ombe gani?" Shemeji yangu Eliamini, aliyekuwa na watatu peke yake, aliniuliza hivyo huku kikombe cha maziwa kiko mkononi.

Nikaapa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yangu ilikwisha kupotea. Kuanzia siku ile, kitu changu kitaandikwa.

Ndipo akatokea Swalehe. Mtu wa Kigoma, alikuja huku kijana kukata mkonge, akaishia kuwa fundi wa mitambo kwenye shamba moja la tambarare. Mkonge ulipoanguka bei, shamba likafungwa, na badala ya kiinua mgongo akapewa injini ya dizeli. Injini anayo, pa kuifunga hana. Mimi nina kiwanja kando ya barabara, na mlima mzima wa wanawake waliochoka kutwanga.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilivyolia, watu wakaacha kazi zao, wakaibeba ile injini kwa miti mabegani siku mbili kutoka tambarare hadi kwangu, bila malipo, kwa sahani ya makande tu. Nikawaambia pia kuwa mimi na Swalehe tulishuka Same tukaandikiana vizuri, kila mtu akaridhika.

Hapo niliwadanganya. Leo naisema ilivyokuwa, maana isiposemwa hii, yaliyofuata hamtayaelewa, na mtanionea huruma nisiyostahili.

Ilikuwa hivi. Kabla ya kushuka Same, Swalehe alikuja nyumbani kwangu asubuhi, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, akakataa chai mara mbili, ya tatu akapokea.

"Mama Rosemary," akasema, "injini iwe ng'ombe."

"Iwe nini?"

"Ng'ombe. Nimekaa huku miaka mingi, desturi yenu nimeiona. Mimi nina ng'ombe, wewe una zizi. Maziwa tugawane sawa. Mmoja akichoka, anasema mbele ya watu, tunaachana kwa heri, kila mtu na chake."

Uso wangu ukawaka moto. Angejua alichokuwa anakisema. Katika desturi zote za Upare, alikuwa amechagua ile ile iliyonivua nguo.

"Na ukifa?" nikamwuliza.

"Nikifa nizike. Nina nani mwingine huku?"

"Ndugu zako wakija kutoka Kigoma wakaichukua injini, mimi nibaki na zizi tupu?"

Akacheka. "Watakuja kwa nauli ya nani, mama?"

Mimi sikucheka. Nikamwambia bila karatasi hakuna mashine ya kusaga. Akafikiri, akanywa chai yake, akasema sawa, iandikwe, ila iandikwe hivyo hivyo alivyosema. Sawa kwa sawa. Nikamjibu, hivyo hivyo.

Kesho yake nilishuka Same peke yangu. Sikumwambia. Nilikwenda kwa Method, yule mwandishi wa barua mwenye taipureta karibu na stendi, nikamtajia maneno, akapiga. Alipofika katikati aliacha kupiga.

"Mama, huyu mwenzako amekubali hivi?"

"Wewe unalipwa kuandika au kuhoji?"

Akaendelea kupiga.

Siku ya tatu nikarudi na Swalehe. Method akataka kuisoma karatasi kwa sauti, kama kawaida yake kwa mtu asiyejua kusoma. Nikaichukua mkononi mwake. "Nitamsomea mwenyewe," nikasema. "Mimi nimesoma hadi darasa la nne kwa masista."

Nikasoma. "Sisi wawili, Hedwiga na Swalehe, ni washirika. Injini ni ya Swalehe, mahali ni pa Hedwiga. Mapato tutagawana sawa. Mmoja akitaka kuondoka, atapewa haki yake mbele ya mashahidi."

Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa kwenye karatasi, ila majina yetu. Karatasi ilisema mimi ndiye mmiliki pekee wa injini na mashine yote. Ilisema Swalehe ni mfanyakazi wangu, nitamlipa nitakavyoona inafaa, na nitamwondoa siku nitakayotaka.

Method alikuwa anatazama nje. Swalehe alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza sala. Nilipomaliza akasema, "Ahsante, mama. Umeandika vizuri." Kidole chake kilikuwa na grisi, Method akakifuta kwanza kwa kitambaa ndipo akampaka wino, naye akabonyeza.

Sasa msomaji utauliza, ulimdhulumu nini? Nitakuambia, na hili ni kweli tupu: sikumdhulumu hata kibaba. Kwa miaka saba kila Jumamosi tuligawana mlangoni mwa mashine, chake kikawa chake, changu changu. Alipougua homa nilimpikia uji. Binti yangu Rosemary alipoolewa, Swalehe ndiye aliyesimama kama baba mdogo, na wakwe walimpa blanketi lake.

Karatasi ilikaa sandukuni chini ya kanga zangu za msiba. Sikuwahi kuitoa. Nilijiambia ni ya tahadhari tu. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa na nyoka saba wenye pembe.

Mwaka sabini na moja hivi kikaanzishwa kisomo cha watu wazima. Mwalimu alikuwa Dorkas, msichana mpole wa hapa hapa kijijini. Kila siku saa kumi jioni Swalehe akawa anazima injini, ananawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, anakwenda shuleni na daftari lake kwapani.

"Unasoma ya nini, uzeeni huku?" nikamwuliza siku moja.

"Nataka nijue kusoma barua nikiandikiwa."

"Na nani?"

"Huenda siku moja nikaandikiwa."

Sikupenda, lakini ningesema nini? Nikawa nampa kazi jioni. Leo mkanda umelegea, kesho mawe ya kusagia yachongwe. Akawa anaifanya ile kazi mbio mbio, kisha anakwenda amechelewa. Mwaka mzima ukapita yuko kwenye a-e-i-o-u, wenzake wanamtania, nami moyo ukatulia. Dorkas aliniambia, "Mama Rosemary, yule fundi wako anasoma kwa kidole, polepole kama kinyonga. Ila harudi nyuma." Nikacheka, tukaachana.

Haya. Mwaka sabini na nne, asubuhi moja ya ukungu, nikamwona Bwana Lugano anapanda kwa mguu. Huyu alikuwa katibu aliyeletwa kwetu kutoka Tukuyu, kijana mtaratibu asiyepaza sauti. Swalehe alikuwa amekwenda kuchukua dizeli Same.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Tunaorodhesha mali, mama, kijiji chetu kiandikishwe kuwa cha ujamaa. Mashine hii ni ya nani?"

Niliposikia "ni ya nani" damu ilinienda mbio. Niliisikia ile "ng'ombe gani" yote upya, mara saba. Hawa nao wamekuja kuniuliza, nikasema moyoni. Safari hii hamnipati.

"Ni yangu," nikasema. "Yangu peke yangu, injini, mawe, mkanda na banda."

"Na yule fundi?"

"Mfanyakazi wangu. Nimemwajiri mimi, nikitaka namwondoa kesho. Karatasi ninayo ndani, nikuletee?"

Alifunga daftari lake juu ya kidole, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mama, sihitaji kuiona leo. Ila umenipa kazi ngumu." Akashusha sauti. "Nina maagizo mawili tu kuhusu mashine. Mashine ya watu wanaoshirikiana, wanaoiendesha wenyewe kwa mikono yao, inabaki kwao. Mimi naiandika tu, napita. Mashine ya mtu aliyemwajiri mwenzake, huo ni unyonyaji. Inakabidhiwa kijiji."

"Nani mnyonyaji?" nikasema. "Mimi? Niliyekula majani ya maboga miaka miwili?"

"Sijasema mimi, mama. Umesema wewe."

Nilishika mlango wa banda. Nilitaka kuyarudisha maneno, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bwana Lugano akanionea huruma, nami nilichukia kuonewa huruma na mtoto wa umri wa Rosemary.

"Fundi sijamwuliza," akasema. "Jumatano kuna mkutano shuleni. Nitamwuliza mbele ya watu. Na hiyo karatasi uje nayo."

Akashuka. Na kabla jua halijafika utosini, Eliamini alikuwa mlangoni kwangu, amekwisha kusikia. Sijui upepo gani humpelekea habari yule mtu.

"Shemeji, pole," akasema. "Nasikia una karatasi. Isije ikapotea, maana Method ana nakala yake pale Same, na mimi njia ya Same naijua."

Kwa hiyo hata kuichoma sikuweza.

Nisingekuwa mbishi, nisingekuwa mjanja, ningemwacha Swalehe aifanye injini yake ng'ombe kama alivyoomba, Bwana Lugano angetukuta washirika na angepita zake. Nilipigania karatasi ile initetee, na sasa ndiyo iliyokuwa inaniuza. Nilikaa juu ya gunia la mahindi ya watu nikalia, na mteja aliyefika na debe lake alidhani ni vumbi la unga.

Jioni Swalehe akarudi. Nilimkuta anasafisha injini kwa tambara, anaipangusa kila pembe taratibu kama anamwogesha mtoto.

"Swalehe, Jumatano kuna mkutano."

"Nimesikia njiani."

"Wakikuuliza, sema sisi ni washirika."

Akaendelea kupangusa. "Kwani tuseme nini kingine?"

"Nakukumbusha tu."

"Si ndivyo karatasi inavyosema?"

Msomaji, pale pale ndipo Mungu aliponipa nafasi. Tulikuwa wawili tu. Angekasirika, angenitukana, labda angeondoka, lakini tungekuwa wawili tu. Nilifungua mdomo. Nikaona kidole gumba chake, kile kile, kimeshika tambara.

"Ndivyo," nikasema.

"Basi wasiwasi wa nini, mama? Tutawasomea."

Akainama kukaza nati. Sikuuona uso wake.

Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi, mkutano ukaingizwa darasani. Watu walijaa hadi madirishani, wenye miavuli wamesimama nje. Ubaoni chaki ya kisomo haikuwa imefutwa bado. Dorkas alikaa mbele karibu na meza ya Bwana Lugano, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaandika kumbukumbu.

Eliamini alisimama wa kwanza, hata kabla ya kuitwa.

"Mimi sina maneno mengi," akasema, na sisi Wapare tukamwona mwongo hapo hapo. "Injini ile nani aliibeba? Tuliibeba sisi. Bega langu hili lina kovu. Tuliibeba kwa msaragambo, na msaragambo ni wa kazi ya wote, si wa kumtajirisha mtu mmoja aajiri watu. Mashine ichukuliwe na kijiji. Na ikikosa msimamizi, mimi nipo."

Watu wakacheka, lakini walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nilizitazama sura. Wanawake niliowasagia miaka saba walikuwa wanatazama miguu yao. Sikuweza hata kuwakasirikia, maana kovu la Eliamini ni la kweli. Mimi mwenyewe nililipaka samli.

"Tumwulize fundi," akasema Bwana Lugano. "Mzee Swalehe, simama. Kwenye mashine hii wewe ni nani?"

Swalehe alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amevaa shati lake la sikukuu.

"Mimi ni mshirika."

Darasa likavuma.

"Mama aliniambia umeajiriwa," Bwana Lugano akasema.

"Labda ulimtia hofu, Bwana Katibu. Watu wakimtia hofu huyu mama husema vitu. Injini nilikuja nayo mimi. Mahali ni pake. Tunagawana sawa, na wote hapa wametuona Jumamosi. Ndivyo tulivyokubaliana na ndivyo tulivyoandikiana."

"Ni kweli wanagawana," mwanamke mmoja akasema nyuma, na mwingine akasema kweli. Nikaanza kupumua. Nikaiona mashine yangu inarudi, na Jumamosi inarudi, na Swalehe mlangoni na kibaba chake.

"Basi karatasi isomwe," akasema Eliamini.

Bwana Lugano akaninyooshea mkono. Nikaitoa kifuani, imekunjwa mara nne, ina harufu ya dawa ya nondo. Mkono wangu ulikuwa haujafika mezani.

"Bwana Katibu, kwa ruhusa yako," akasema Swalehe. "Siku ile aliyenisomea ni Mama Rosemary. Naomba asome yeye tena. Nimezoea sauti yake."

Bwana Lugano akanitazama, akarudisha mkono. "Soma, mama."

Fikiri ungekuwa wewe. Nikisoma yaliyomo, mashine inaondoka leo, Eliamini anaisimamia, na Swalehe anajua mbele ya kijiji kizima nilichomtendea. Nikisoma yasiyokuwemo, Katibu yuko upande wa pili wa meza na ana macho. Lakini uso wa Katibu unasema ushahidi wa watu umetosha, nikajiambia. Amechoka, mvua inanyesha, huenda asiombe kuiona. Nilikuwa nimeusoma uongo huu mara moja ukasimama miaka saba.

Nikaikunjua.

"Sisi wawili," nikaanza, "Hedwiga na Swalehe..."

Nikasikia hatua. Swalehe alikuwa anakuja mbele, anapenya katikati ya madawati. Akasimama begani kwangu, ananuka sabuni na mafuta ya taa.

"Naomba nifuatie," akaliambia darasa, kama mtu anayeomba radhi. "Mwalimu Dorkas ndivyo anavyotufundisha. Mmoja anasoma, mwingine anafuatia kwa kidole."

Watu wakacheka kwa upendo. Hata Bwana Lugano alitabasamu. Dorkas hakucheka. Aliiacha kalamu yake juu ya daftari, akaiinamia meza.

"...ni washirika," nikasema. Sauti ilikuwa yangu na haikuwa yangu. "Injini ni ya Swalehe, mahali ni pa Hedwiga."

Kidole kilikuwa kimeanza safari. Kililipita jina langu, polepole, kikalipita jina lake. Hakikufuata sauti yangu. Kilikuwa kinakwenda mwendo wake chenyewe, herufi kwa herufi, midomo yake inacheza bila sauti. Mimi nilikuwa nimefika "mapato tutagawana sawa", chenyewe bado kiko mstari wa pili.

Kikafika kwenye neno mfanyakazi. Kikasimama.

Nikasoma mbele. Hakikusogea. Nikasoma mpaka mwisho, mpaka "mbele ya mashahidi", na mvua ilisikika juu ya bati.

Swalehe aliinama karibu na sikio langu. Sauti yake ilikuwa ya kunifikia mimi tu, na haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hili neno nimelisoma tangu Krismasi, mama, ulipolianika sanduku lako juani nikaikuta karatasi," akasema. "Nimekaa nikisubiri uniambie mwenyewe. Sasa nisomee hili."

Bwana Lugano alikuwa anainuka kitini. "Kuna tatizo, mama?"

Eliamini akasimama. Dorkas akanitazama. Na kidole cha Swalehe, chenye kovu la mkanda na weusi usiotoka kwenye kucha, kilikuwa bado chini ya lile neno, kinanisubiri.